Nakala ya Kaboni

Mama alipiga taipu ukoo wa watu,
shilingi moja na thumni kwa ukurasa,
barazani Magomeni, mwaka wa pili wa uhuru,
kwa mashine aliyouziwa na fundi Ramji wa Msimbazi
ikiwa na pengo: herufi moja imekatika.
"Kipuri kinatoka Ujerumani," alisema Ramji.
Mpaka leo kiko njiani.

Mwenye ukoo alikuwa Bwana Lionel Wexcombe
wa Idara ya Upimaji, baroneti wa kumi na moja,
soksi ndefu, magoti mekundu,
mtu aliyepima nusu ya Temeke kwa mnyororo
na asimiliki hata pa kuanikia leso.
Mama alimuuliza, baroneti ndiyo nini?
Akafikiri. "Mtu anayeitwa Sir,
na mwanawe wa kwanza akaja kuitwa hivyo hivyo."
"Na mshahara?"
"Hakuna."
Mama akaingiza karatasi.

Ukurasa wa nne: cheo kimenunuliwa.
Babu wa kwanza alimlipa mfalme taslimu, kwa mafungu matatu.
Mama akacheka peke yake.
Kumbe nao, akasema. Kumbe nao.

Ukurasa wa tisa vita vimeingia,
mfalme upande huu, Bunge upande ule,
na katika nyumba moja Ambrose anapanda farasi kwa ajili ya mfalme
huku Giles, mdogo wake, akitokea mlango wa jikoni kwenda Bungeni.
Ambrose akayeyusha vijiko, sahani, hata njuga za mtoto,
akanunua farasi arobaini.
Thelathini na wanne walifia kwenye kijito
ambacho, alisema Bwana Lionel, ng'ombe hukivuka asilowe tumbo.
Bunge likamtoza faini. Akakata mialoni ya babu yake,
akalipa kwa mbao.
Mkewe, Dorothy, akaficha hati za shamba ndani ya mzinga,
na nyuki, tofauti na shemeji,
hawakubadili upande.

"Akazaa wana wawili, Henry na Ralph, na mabinti watatu."
Vidole vya mama vikasimama.
"Majina yao?"
"Hayakuandikwa."
Mama akaruka mistari mitatu, akaiacha mitupu.
Bwana akalalamika kuwa karatasi inapotea.
Nafasi hiyo, mama akamjibu, sikutozi.

Sasa ile herufi.
Kwa Kiingereza ndiyo inayotangulia neno la mfalme.
Basi mfalme alitoka amekatwa
tangu ukurasa wa kwanza, miaka mingi kabla ya shoka,
na mama habari ya shoka hakuwa nayo.
Alipoifikia, ukurasa wa kumi na tano,
aliisoma mara mbili
akaondoa mikono kwenye mashine kama imemwunguza.
Usiku ule akawasha chemli, akachonga penseli,
akaanza kuvirudisha vichwa, kimoja kimoja.
Mia mbili na kumi na sita.

Bwana Lionel alipoziona kurasa alivua miwani.
"Sisi tulitoa farasi arobaini," alisema,
"na hatukuweza."

(Mfalme mpya aliporejea, Henry alikwenda mjini kudai fidia.
Alipewa barua ya shukrani.
Nauli alijilipia.)

Masika yaliyofuata Bwana alifia Ocean Road,
hana mke, hana mtoto.
Cheo kikaishia hapo, wodini, sakafu ikipigwa deki.
Kurasa zake zilipelekwa kwa binamu ambaye hakujibu.
Alikuwa anadaiwa kurasa sita.
Mama hakudai.

Mimi nimebakiwa na nakala ya kaboni,
buluu iliyofifia, pembe zimeliwa na mende.
Penseli haikufika huku; nakala ilishatolewa.
Kwangu mfalme bado hana kichwa
mstari kwa mstari,
na ile mitatu iko palepale, mieupe,
nikiiinua dirishani naona mtaa ng'ambo yake,
mtoto wa jirani akifukuza kuku.

Kipuri kikifika leo kutoka Ujerumani
sijui nikipeleke wapi.